Kosa Si la Kijana wa Tunduma

Juzi nilikuwa Tunduma, katika duka la kuchapa nyaraka, malori yakisubiri kuvukia Nakonde. Kompyuta ya kijana mwenye duka ilikuwa imegoma: programu aliyonayo ni nakala ya wizi.

Nikakumbuka mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu huria kwa Kiswahili. Ilibidi kwanza zitafutwe istilahi, mojamoja, ili karani asihitaji Kiingereza wala kulipia leseni. Sisi wasomi tuliisifu, kisha tukarejea kwenye programu za kigeni. Nami nilikuwa mmoja wao.

Kijana yule hajawahi kuisikia. Ndugu msomaji, angeisikia wapi, ikiwa sisi wenyewe hatukuitumia?