Paa Lisilo na Mwenyewe: Matembezi Katika Mji Mkongwe wa Unguja

Msafiri ashukaye bandarini Unguja na kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe hustaajabia kwanza milango ya nakshi. Lakini akitazama vizuri ataona na jambo la pili: kati ya nyumba mbili ndefu pana pengo lililojaa kifusi, na majani yameota mahali palipokuwa ukumbi.

Wengi hudhani kwamba nyumba hizo ziliangushwa na uzee. Sivyo. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo hudumu zaidi ya miaka mia, maadamu paa lake ni zima. Mvua ikipata tundu, chokaa hulainika, boriti huoza zilipoingia ukutani, na siku moja dari huanguka na kuvuta ukuta. Tena nyumba hizi zimeegemeana. Moja ikianguka, jirani naye yumo hatarini.

Ni nani basi aliyeliacha tundu lile? Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya Serikali. Wapangaji waliingia, kila jamaa na chumba chake. Vyumba vilikuwa na watu, bali paa halikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji huo, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Lakini karibu na bandari limesimama jumba la zahanati ya zamani lililojengwa na Tharia Topan. Nalo lilikwisha kuchakaa, likatengenezwa upya katika miaka ya 1990.

Sisi wa Mombasa na Lamu tuna nyumba za urithi zenye warithi wengi, kila mmoja akimngojea mwenziwe. Yafaa warithi, kabla ya kugawana vyumba, wapatane kwanza ni nani atakayetengeneza paa.