Siku tano mahali ambapo jua halichomozi

Majirani zetu wa Nakivale, sisi ni familia ya watu watano. Tuliishi hapo Base Camp miaka saba, na tangu 2016 tunakaa Uholanzi. Tunajua wengi wenu mnangoja jina litoke kwenye orodha, na swali la baridi halikosekani: "Huko mtu anaishije?" Basi tuwaeleze safari tunayoitayarisha.

Watoto wakifunga shule mwezi huu wa Disemba, tutakwenda siku tano Tromsø, mji ulio juu kabisa kaskazini mwa Norwei. Huko anakaa yaya, dada yetu mkubwa, pamoja na mama yetu. Mara ya mwisho kuwaona ni 2014, siku basi lilipowachukua hapo kambini. Familia moja, orodha mbili. Kitinda mimba wetu ana miaka sita, na nyanya yake anamjua kwenye simu tu. Mtauliza kwa nini tumechelewa hivyo. Kwanza ilikuwa karatasi, halafu ikaja korona, halafu pesa.

Tulianza na hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati hii, pamoja na kibali cha kukaa, inaturuhusu kuingia Norwei kwa matembezi mafupi bila kuomba viza. Lakini ndani yake imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa nchi tuliyoikimbia. Tulikaa kimya kidogo tuliposoma. Tunaweza kufika karibu na ncha ya dunia, lakini Uvira, nyumbani, hapana.

Halafu nguo. Hapa yaya ndiye mwalimu. Kila jioni anapiga simu na kukagua mizigo kama askari wa mpakani! Anasema baridi haishindwi kwa koti moja zito, inashindwa kwa nguo nyingi zilizopangana. Ya kwanza, inayogusa mwili, iwe ya sufu. Isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho inabaki na maji, na hapo ndipo mtu anaganda. Juu yake sweta, na mwisho koti linalozuia upepo. Viatu visibane, maana vidole vikikosa nafasi vinapata baridi upesi hata ukivaa soksi mbili. Na glovu zile zinazoweka vidole vyote pamoja zina joto kuliko zile za kila kidole peke yake. Karibu vyote tumevipata kwenye duka la mitumba. Kumbe mitumba ipo hata Ulaya!

Cha ajabu, yaya anasema Tromsø baridi yenyewe si kali kama tulivyodhani. Mji uko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa mstari wa Aktiki, lakini mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unapita pwani ile, kwa hiyo bahari haigandi. Shida kubwa ni utelezi. Theluji inayeyuka, inaganda tena, barabara inakuwa kioo. Watu wanafunga chini ya viatu vyuma vidogo vyenye meno. Tumenunua jozi tano.

Jambo la pili ni giza. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa sita mchana unaonekana mwanga wa bluu kama wa alfajiri, halafu usiku unarudi. Ndiyo maana kila mtu anavaa kitu kinachong'aa taa ya gari ikimpiga, madereva wamwone. Wengi wanakunywa pia mafuta ya samaki, kwa sababu mwili usiopata jua unakosa vitamini D.

Kitinda mimba wetu aliposikia hayo akauliza, "Sasa nyanya atanijuaje gizani?" Tukamwambia tutamfunga kile king'aacho mkononi. Tangu siku hiyo analala nacho.

Zawadi ni unga wa muhogo na ndagala. Mama hakuomba kingine.

Tulimsihi asije uwanja wa ndege. Ana miaka 74, goti linamsumbua, na wakati wa barafu hatoki ovyo. Tukasema, mama, utukute nyumbani, yaya atatupokea. Akakataa katakata. Akasema: "Siku ile niliwaacha nikiwa nimeketi ndani ya basi, hata kuwashika vizuri sikuweza. Safari hii nitasimama mlangoni." Yaya amekwisha mnunulia vile vyuma vya viatu.

Ndugu zetu, mnaongoja, msiogope baridi. Baridi ina dawa, na waliotangulia watawaelekeza. Ila namba za simu za watu wenu mzitunze sana, maana bila hizo sisi tusingepata hata mtu wa kutufundisha kuvaa soksi.

Mbaki na amani. Tukirudi tutawaandikia.