Vipande Viwili vya Mwisho

Mpwa wangu alikisahau mezani likizo ya Desemba ilipokwisha, kikiwa kimevurugika: kimebonyea huku, kimechomoza kule, hakifanani na chochote. Ni kichezeo cha fumbo kiitwacho Square-1, na kilibuniwa Chekoslovakia mwaka 1990 na Karel Hršel na Vojtěch Kopský.

Mchemraba wa Rubik nimeuzoea tangu sekondari. Ule, uuvuruge utakavyo, unabaki mchemraba; zinazopotea ni rangi. Huu hupoteza hata umbo. Tabaka la juu lina vipande vinane, kona nne na vya katikati vinne, na la chini vivyo hivyo. Kona huchukua nyuzi 60 za duara, cha katikati nyuzi 30. Viwili vya katikati hutosha mahali pa kona moja, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: tabaka moja linaweza kubeba kona sita tupu likawa nyota, la pili likabaki na kona mbili na vya katikati vyote vinane. Tena nusu nzima haigeuki mpaka mikato ya juu na ya chini ikae mstari mmoja. Ukilazimisha, kinakwama.

Siku mbili nilihangaika na rangi. Mpwa wangu akaniambia kwenye simu, "Mjomba, rangi ziache kwanza. Rudisha umbo."

Nikaanza kuhesabu kona tu. Nilizisogeza moja moja mpaka nyota ikakamilika, na kutoka kwenye nyota njia ya kurudi kwenye mchemraba ni fupi. Baada ya hapo nikapandisha kona za juu, kisha vya katikati vya juu, kisha nikapanga kila kimoja mahali pake.

Nikiwa katika kazi hiyo, nilikuwa namwaza mdogo wangu. Tangu baba afariki tumebishana juu ya dawa za mama, nani ametuma ngapi mwezi gani, mpaka salamu zikapungua. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana waziwazi mama aishi kwa nani. Tulikuwa tunapanga rangi kwenye kitu kisicho na umbo.

Usiku wa tano vilibaki vipande viwili vya katikati vilivyobadilishana nafasi. Viwili tu! Nilijaribu kila mzunguko mdogo ninaoujua, nikipata hivi, vingine vinahama. Baadaye nilielewa sababu. Mchemraba ukiwa kwenye umbo lake, kila mgeuko wa nusu huhamisha kona mbili na vya katikati viwili kwenda juu, na idadi hiyo hiyo kushuka. Ni mabadilishano manne kwa mpigo, na hata kuzungusha tabaka robo duara hakuvunji ulinganifu huo. Mabadilishano ya viwili peke yake hayapatikani humo hata ukizungusha mwaka mzima. Ili kuvirudisha, sharti ulivunje umbo ulilolitafuta kwa siku nzima, upite kwenye maumbo yasiyoeleweka, urudi kwa njia nyingine.

Mikono yangu ilisita. Mama alikuwa fundi cherehani, na nikiwa mtoto nilimwona mara nyingi akilishika gauni lililokwisha kupigwa pasi, kola yake ikiwa imekaa upande kidogo sana. Mteja asingegundua. Mama alichukua wembe akafumua kola, na kama kosa lilitokea begani, akafumua mpaka begani. Nilimhurumia kwa saa alizopoteza. Yeye hakuonekana kuhurumia kitu. Alikusanya vipande mapajani, akaviangalia kama vitambaa vipya.

Nikauvunja mchemraba. Nilifuata hatua polepole, nikizitamka kwa sauti, na kwa muda mrefu mkononi mwangu hapakuwa na kitu cha kutazamika. Kisha kona zikaanza kurudi. Ulipofunga, kila kipande kilikuwa kwao.

Ilikuwa saa nne usiku. Nilikuwa nimeandika kwenye simu ujumbe kwa mdogo wangu kuhusu shilingi elfu thelathini za mwezi uliopita, sijautuma. Nikaufuta, nikampigia. Alipokea kwa sauti ya mtu anayejiandaa kwa ugomvi. Nikamwuliza, siku ile ya arobaini ya baba, yeye alielewa tumekubaliana nini.