Mhibiskasi Hauzaliwi Mti

Nilizaliwa Kwale, upande wa milima ya Shimba, kwa wakulima wa minazi na mihogo. Nilipoteremka Diani kutafuta kazi mwishoni mwa miaka ya 1980, sikujua kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kutunza kitu kisicholiwa. Kwetu kila mmea ulikuwa na kazi yake: mnazi wa nazi na makuti, mkorosho wa korosho, mwarobaini wa homa. Maua yaliota yenyewe, wala hakuna aliyeyanyweshea. Hotelini nilikuta wanaume wazima, wengine wenye wajukuu, wakishinda na mikasi, mipira ya maji na wilbaro katika bustani ambayo mazao yake ni kutazamwa tu.

Niliingia kama kibarua wa kufagia majani. Nyapara wa bustani alikuwa mzee wa Kidigo aliyeanza kazi hiyo hoteli za pwani ya kusini zilipokuwa bado za kuhesabika. Hakusema sana. Siku moja alinikuta nimeegemea ufagio karibu na mapokezi, nikitazama miti miwili iliyosimama kila upande wa ngazi. Shina la kila mmoja lilikuwa moja, limenyooka, nene kama kifundo cha mkono, bila jani hata moja mpaka usawa wa kifua. Juu yake kilikaa kichwa cha mviringo chenye maua mekundu.

"Huo ni mti gani, kijana?"

"Siujui, mzee."

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye ua wa mahali pa kutupia taka. Pale palikuwa na kichaka kilichojaa vumbi, vijiti tele vikitoka ardhini, maua mekundu yaleyale. "Ni mche mmoja," akasema. "Huu haujashikwa." Tangu siku hiyo nikawa wake.

Mhibiskasi tunaoupanda bustanini ni mmea wa ajabu kidogo. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la waridi la China, lakini hakuna msitu unaojulikana ambamo unaota wenyewe. Umeishi mikononi mwa watu miaka yote hiyo, ukihamishwa pingili kwa pingili kutoka bara hadi bara. Malaysia waliufanya ua la taifa mwaka 1960. Sisi wa pwani tuna ndugu yake wa asili, yule wa ua linaloning'inia kwa kikonyo kirefu, petali zimechanika kama shada la nyuzi na kupindukia juu. Huyo ni wa misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyeupeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, katika karne ya 19, na baadaye damu ya mmea huo ikachanganywa katika aina nyingi za kisasa zinazouzwa duniani. Wageni wamewahi kuniuliza ua hilo zuri limeagizwa kutoka nchi gani. Nilikuwa nikiwaonyesha kwa kidole upande wa milimani.

Kazi yenyewe huanza na pingili. Unachagua tawi lisilo bichi sana wala gumu sana, urefu wa shubiri moja, unakata kwa mshazari chini kidogo ya kifundo, unaacha majani mawili ya juu na kutoa mengine. Unachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, bila kulowesha kupita kiasi. Baada ya mwezi au mwezi na nusu mizizi imeshika. Katika kitalu kizima mzee alikuwa akipita na kuchagua michache tu iliyopanda juu bila kupinda. Iliyobaki ilikwenda kuwa ua wa kawaida wa mpakani.

Mche uliochaguliwa hupigiwa nguzo nyembamba ya mvinje, nao hufungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Utepe unazungushwa mara moja kwenye nguzo, unapishana katikati, kisha unazunguka mche, ili gome lisisuguane na mti mkavu. Kila masika na kila vuli unafungua na kufunga upya kwa kulegeza, maana shina likinenepa ndani ya kifungo hubaki na kovu, na kusi likivuma hukatikia hapohapo.

Hapa wengi huwa na haraka. Wakitaka shina safi kama la picha, hukwangua majani yote na kuacha kishungi juu. Mche wa namna hiyo hurefuka ukawa mwembamba, ukashindwa kubeba kichwa chake. Unachotoa ni matawi ya pembeni, si majani. Majani yaliyo kwenye shina ndiyo yanayolilisha na kulinenepesha. Yatatolewa baadaye, kichwa kikishakomaa. Tawi la pembeni nalo lina wakati wake. Likiwa bado chipukizi la urefu wa ukucha, unalisukuma kwa kidole gumba linang'oka zima, na baada ya siku chache hata mahali pake hapaonekani. Ukilisubiri liwe kijiti, utahitaji mkasi, na litakuachia jicho ambalo kila msimu litatoa machipukizi mapya. Kwa hiyo kila asubuhi tulipita miti yote, tukipapasa shina kutoka chini kwenda juu kama mtu anayetafuta jipu, tukiyasukuma machipukizi moja moja.

Mti ukifika usawa wa kifua, au juu kidogo ukitaka wageni wapite chini yake, unavunja ncha kwa kucha. Macho matatu au manne ya juu huamka. Yakitoa matawi yenye majani machache, unayavunja ncha nayo, na yale yatakayofuata vilevile. Ndivyo kichwa kinavyojaa. Kupata shina linalosimama bila nguzo huchukua miaka miwili, mara nyingi mitatu, na upande wa bahari hata zaidi, kwa sababu kichwa hukamata upepo na chumvi huunguza majani machanga.

Kisha inakuja kalenda, na hotelini kalenda ni ya wageni, si ya mimea. Ua la mhibiskasi hutoka kwenye tawi jipya, kwa hiyo asiyekata hapati maua mengi. Lakini aliyekata husubiri miezi miwili hadi mitatu kuyaona. Desemba ndio msimu wetu mkubwa, basi kufika Septemba mikasi ilikuwa imewekwa chini. Kukata kukubwa tulifanya masika yakikaribia, wageni wakishapungua. Hata hapo mzee hakukubali kichwa kikatwe chote kwa siku moja. Tulitoa theluthi, tukangoja, tukatoa theluthi nyingine, ili mti usikae uchi.

Ardhi ya Diani ilitufundisha ukali wake. Chini ya futi moja ya mchanga ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu, na mhibiskasi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa mizizi haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Jani changa hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na asiyejua hudhani mti una kiu. Tulichimba shimo pana, tukatoa mawe, tukajaza mboji na samadi iliyooza vizuri, na majani yakianza kufifia tukanyunyizia dawa ya chuma juu yake. Jivu la jikoni, ambalo kwetu milimani ni mbolea nzuri ya ndizi, pale huzidisha ugonjwa. Mbolea ya DAP, ambayo kila duka la pembejeo linayo, mzee hakuipenda kwa maua haya: gunia lenyewe limeandikwa 18-46-0, na zile 46 ni fosfeti, kitu ambacho mhibiskasi hauhitaji kwa wingi. Alitaka potasi.

Halafu kuna wanaokula. Vidung'ata hujificha kwenye vifundo vya matawi machanga kama pamba iliyotafunwa, majani yanakunjamana na vichomozo vinadumaa. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa mstari, usiwahangaikie wao kwanza. Fuata mstari mpaka juu, utawakuta vidung'ata, kwa maana sisimizi hula utamu wanaoutoa na huwalinda dhidi ya wadudu wanaowawinda. Tulipiga maji ya sabuni ya kipande yaliyochanganywa na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, chini ya jani zaidi kuliko juu, jioni jua likishapoa. Dhidi ya mbega hatukuwa na dawa. Mbega weusi na weupe wa Diani, wale waliotengenezewa ngazi za kamba kuvukia barabara ya hoteli, hupenda sana mhibiskasi. Huja familia nzima asubuhi na kuchuma majani machanga na maua kwa utulivu wa watu waliolipia kifungua kinywa.

Kabla mbega hawajafika, wenzetu wa vyumbani walikuwa wamekwisha kupita. Ua hili hufunguka asubuhi na kufa jioni, lakini kwa siku hiyo moja halijali kama liko mtini au mezani: ukilichuma alfajiri hubaki wazi mchana kutwa bila tone la maji. Kwa hiyo maua yaliyowekwa juu ya mito, kando ya taulo zilizokunjwa na katika sahani za matunda yalitoka kwenye miti yetu. Nilijua ni mangapi ya kutoa kwenye kila mti ili lisionekane pengo.

Mzee alipostaafu nilipewa nafasi yake, na baada ya muda nikaenda ofisini kuomba mshahara wa fundi. Afisa alinisikiliza kwa adabu. Kisha akafungua jedwali la serikali la kima cha chini cha mshahara, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa: kibarua wa kawaida, pamoja na msafishaji, mfagizi, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Mhudumu wa meza na mpishi wako mstari wa juu yake. Jedwali lilisema hivyo kweli. Aliniongezea kitu kidogo kwa ajili ya unyapara, nami nikarudi kazini. Sikuona haya kuwa mstari mmoja na yaya na mfagizi; nao najua kazi yao ni ya namna ileile, huonekana siku isipofanywa.

Siku hiyo ilifika mwaka 2020. Mwezi wa Machi ndege za kimataifa zilisimamishwa, hoteli ikafungwa, tukaambiwa twende likizo bila malipo. Walibaki walinzi, na maji yakafunguliwa kwa vipindi kwa ajili ya nyasi tu. Tulipoitwa tena, masika yalikuwa yamenyesha na kwisha. Miti ya ngazini haikuwapo. Palikuwa na vichaka viwili vizito, vijiti virefu vimetoka chini kwenye kitako cha shina, vimepita kichwa kwa urefu na kukinyima chakula. Meneja aliniuliza ni ugonjwa gani.

"Si ugonjwa, bwana," nikamwambia. "Miti iko salama kabisa. Sisi ndio hatukuwapo."

Tulikata machipukizi yote ya chini, tukapunguza vichwa vilivyokonda, tukarudisha nguzo kana kwamba ni miche. Mti mmoja ulijaa tena ndani ya mwaka. Wa pili shina lilikuwa limekauka upande mmoja. Tuliung'oa, na mahali pake tukapanda mwingine uliokuwa tayari kitaluni, kwa kuwa mzee alituzoesha kuwa na wa akiba daima.

Sasa nimetoka hotelini na nina kitalu kando ya barabara Ukunda. Nauza michikichi ya mapambo, mabogenvilia, miche ya miembe iliyobebeshwa, na mihibiskasi ya aina mbili: mche wa mfukoni, na mti wenye shina. Wateja huuliza kwa nini bei zimeachana kiasi hicho, na mmea ni mmoja. Nawaambia kwamba kwenye mche wanalipia udongo na pingili; kwenye mti wanalipia miaka mitatu ya kidole gumba. Wapo wanaonunua bila neno. Anayeona ni ghali namwuzia mche mdogo, namkatia nguzo ya mvinje na utepe wa tyubu bure, na kumwonyesha chipukizi lipi la kusukuma na jani lipi la kuacha. Sifichi kitu, maana kujua si tatizo. Wachache wao huniletea picha za simu, mti umesimama mlangoni kwao. Wengi hunipigia mwaka wa pili kuniuliza nitatoza kiasi gani kwa mwezi kwenda kuukata, na bei ninayowatajia ni ya fundi.