Dakika Nne

Kwetu Umoja, stima ikipotea, huhitaji kuangalia taa. Ploti nzima inasema "Aaaah!" kwa sauti moja, kuanzia kwa kinyozi wa chini hadi kwa wale majamaa wa orofa ya sita. Ikirudi, watoto wanapiga nduru kama vile Harambee Stars wamefunga bao. Katikati ya hizo kelele mbili, kwangu kulikuwa na ya tatu: tii, tii, tii, kila sekunde chache, kutoka chini ya meza. Hiyo ilikuwa UPS yangu ikiniambia nitulie, seva iko hai.

Mimi hupiga video. Harusi, ruracio, mahafali, mazishi. Ukifanya hii kazi miaka miwili unajikuta na terabaiti za watu wakilia na kucheza, na huwezi kuzifuta, kwa sababu kuna siku bibi harusi atakupigia, ndoa ishavunjika hata, akuulize kama bado una ile sehemu shosho yake anacheza. Basi nilinunua kompyuta ya mtumba kule Luthuli, zile huja kutoka ofisi za Uingereza, nikaitia diski mbili, nikaiacha chini ya meza ifanye kazi usiku na mchana. Wateja wanapakua video zao kutoka kwangu moja kwa moja. Hakuna kulipia hifadhi ya mtu kila mwezi. Nilijiona mjanja sana.

Shida ya kompyuta ni kwamba haizimiki kama balbu. Ikikatiwa umeme katikati ya kuandika kitu, kile kitu kinabaki nusu. Mara nyingi inajirekebisha ikiwaka, kwa sababu mfumo wa faili una daftari yake ya kukumbuka kazi ambayo haikuisha. Mara nyingi, lakini si kila mara. Mwaka 2023, kati ya Agosti na Desemba, stima ilipotea karibu nchi nzima mara tatu, mpaka JKIA ikaingia giza usiku ule wa 25 Agosti. Hizo zilifika kwenye habari. Zile za kwetu, za transfoma ya mtaa kulia "bu!" saa mbili usiku, hakuna anayezihesabu. Moja ya hizo ndogondogo ilinikuta nikihamisha video ya mazishi ya Murang'a. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta, kwa sababu kesho yake nilikuwa na harusi. Zilipotea dakika 40 za watu wakimwongelea marehemu. Nilipompigia mzee wa familia, alinyamaza, halafu akaniuliza bila hasira, "Sasa hiyo tutamzika tena vipi?"

Wiki hiyo hiyo nikaenda kununua UPS.

Dukani jamaa aliniwekea boksi juu ya kaunta. "Buda, hii ni 650. Inabeba hadi friji." Nikaamini. Ni kejani, nikisoma ile karatasi iliyobandikwa nyuma, nilipogundua kwamba 650 ni VA, na wati zenyewe ni 360. Hizo namba mbili si kitu kimoja, na anayekuuzia atakutajia ile kubwa. Ndani mna betri moja ya asidi, ya volti 12 na amp-saa 7, saizi ya tofali dogo. Zidisha: wati-saa 84. Seva na ruta zilikuwa zinakula kama wati 55 pamoja, kwa hivyo kwa hesabu ya darasani ningepata saa moja na nusu. Nilipata dakika 45. Betri za aina hiyo ukizikamua haraka hazikupi zote zilizo nazo, na nyingine inapotelea njiani umeme wa betri ukigeuzwa uwe kama wa ukutani.

Kununua ndiyo rahisi, na wengi huishia hapo: UPS inalia, betri inaisha, seva inaanguka vile tu ingeanguka. Umeichelewesha kifo. Lazima hizo mbili ziongee. Kuna waya wa USB wa hiyo kazi na programu ya bure inayoitwa NUT. Nilihangaika nayo wiki mbili, kwa sababu UPS za bei ya chini kila moja ina lugha yake. Yangu ilikataa dereva ya kwanza, usbhid-ups, ikakubali nutdrv_qx. Usiku niliopiga upsc ikanijibu OL, yaani niko kwenye stima ya ukutani, niliruka. Nikachomoa plagi, OL ikawa OB: niko kwenye betri. Nikarudisha. Nikachomoa tena. Mwanaume wa miaka 31.

Kuna alama ya tatu, LB, inayosema betri inakaribia kuisha, na kwa kawaida hiyo ndiyo huiamuru kompyuta ijizime. Kwa UPS kama yangu singeiamini; betri ikizeeka, LB inakuja na giza likiwa mlangoni. Niliweka saa badala yake: dakika 5 kwenye betri, seva ifunge faili zake na ilale kwa heshima. Halafu nikakutana na mtego ambao hakuna mtu alikuwa ameniambia. Stima ikirudi wakati seva imeshajizima lakini UPS bado ina chaji, seva haijui lolote limetokea. Kwake umeme haukuwahi kukatika, kwa hivyo inaendelea kulala hadi uje uibonyeze. Dawa ni UPS iambiwe ikate umeme yenyewe baada ya seva kulala, na kule kwa BIOS uchague kompyuta iwake kila inaponusa stima. Nilipomaliza hayo, niliweza kuwa Machakos kwa harusi ya mtu, stima ipotee Umoja, irudi, na kila kitu kijipange bila mimi. Wageni wakija nilikuwa nawaonyesha. Walikuwa wanaangalia chini ya meza, wanasema "noma sana", wanauliza chakula kiko wapi.

Mwaka uliofuata Mama akaja Nairobi.

Mama hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alichovuta ni moshi wa kuni, zaidi ya miaka 40, kwenye jikoni ya udongo isiyo na dirisha, akipikia watu wa kwao, kisha wa kwa mume, kisha sisi sita. Daktari aliinua picha ya mapafu yake kwenye mwanga, akamuuliza, "Mama, nyumbani unapikia nini?" Mama akajibu, "Maharagwe." Daktari alicheka, Mama naye akacheka mpaka akaanza kukohoa, na kile kikohozi hakikuisha haraka.

Tuliruhusiwa kwenda nyumbani na mashine ya oksijeni ya kukodi. Ni kitu kama friji ndogo ya magurudumu. Inavuta hewa ya kawaida ya chumba, inaisukuma kwa nguvu kupitia punje fulani zinazoshika naitrojeni, na inayobaki, karibu yote oksijeni, inaenda kwa mrija hadi puani. Kuna mitungi miwili ndani. Mmoja ukifanya kazi, mwingine unapumua nje uchafu wake. Ndiyo maana kila sekunde chache inasema "pshhh". Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa tatu sikuweza kulala bila hiyo sauti. Daktari alisema Mama akae nayo angalau saa 15 kwa siku, na kile kifaa cha kubana kidole kisome kati ya 88 na 92. Alisema pia tununue mtungi wa akiba wa oksijeni, stima ikileta mchezo. Tukasema sawa, mwisho wa mwezi.

Mashine niliichomeka ukutani, kwenye ile soketi ya pili, ya kwanza ikiwa na UPS ya seva. Wiki tatu zilipita hivyo. Nililala chumba kimoja na hizo plagi mbili na sikuona kitu.

Stima ilipotea Jumanne, saa nne usiku. Ploti ikasema "Aaaah!" UPS ikaanza tii, tii. Mashine ya Mama nayo ikapiga king'ora chake, mlio mmoja mrefu usiopumua. Nikawasha tochi ya simu. Mama alikuwa amekaa wima kitandani, mikono kwenye magoti, vile hukaa akitafuta hewa. Kidole kilisoma 90. Halafu 87. Halafu 84.

Nilingoja kidogo, ndiyo ukweli. Nilidhani itarudi.

Kwa 82 nilipiga magoti nikaitoa seva kwa UPS bila kuiambia chochote, wiki mbili zote za NUT na heshima nikizichomoa kwa mkono mmoja, nikachomeka mashine. UPS ilinguruma kama inabeba gunia. Nyuma ya mashine pameandikwa wati 350. UPS ni 360. Ikashika. "Pshhh." Nikapiga hesabu gizani, 84 gawanya kwa 350, nikapata robo saa, na nikajua kwa yale niliyojifunza na seva kwamba haitafika nusu ya hapo.

Ilifika dakika nne.

Katika hizo nne nilishuka orofa nne. Kinyozi wa chini ana kajenereta ka petroli, zile ndogo za kelele nyingi, na alikuwa amekawasha hapo nje kwenye vibanda, akimalizia kichwa cha mtu. Nilimwambia, "Bro, mathe yangu, oksijeni." Hakuuliza swali. Alichomoa mashine ya kunyoa, mteja akabaki na kichwa nusu, na huyo mteja ndiye aliyekimbia duka kwa duka akikusanya ekstensheni. Jenereta ikabaki huko nje, moshi wake haufai ndani ya nyumba. Majamaa wa orofa ya sita wakateremsha kamba. Ekstensheni tano ziliunganishwa na kuvutwa kupitia barazani kwangu, maunganisho yamefungwa na karatasi ya nailoni kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Fundi yeyote wa stima angeona hayo angelia. Mama wa orofa ya tatu akaingia na mshumaa kutusaidia kuona, nikampigia kelele mpaka leo naona haya, kwa sababu moto na oksijeni haviwezi kukaa chumba kimoja. Aliuzima, akakaa kitandani, akamshika Mama mgongo. "Polepole mama, toa kwa mdomo, hivyo, kama unapoza uji."

Kutoka UPS kuzima mpaka "pshhh" ya jenereta, sijui zilikuwa dakika ngapi. Yule mama anasema kumi. Kidole kilikuwa kimefika 76.

Stima ilirudi saa saba usiku. Watoto walikuwa wamelala, hakuna aliyepiga nduru.

Seva niliikumbuka Ijumaa. Niliiwasha, ikachukua muda ikijikagua, ikaamka nzima, kila kitu mahali pake. Nilikaa nikiiangalia tu.

Mtungi tulinunua asubuhi ya Jumatano, kabla mwisho wa mwezi haujafika. Ni mdogo, lita 340. Kwa lita mbili kwa dakika, hizo za Mama, ni karibu saa tatu. Umesimama nyuma ya mlango, umefungwa kwa mnyororo usianguke. Halafu kikao cha familia kwa simu, ndugu sita, wawili wakisema wametumwa fulusi na mwajiri wiki ijayo, kama kawaida. Tukapata inveta na betri ya lithiamu ya wati-saa 2,560, kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Mashine pekee yake inapata kama saa sita. Landilodi alipanda kuikagua, akasema ni sawa, bora nisiuzie majirani.

Seva ilibaki kwenye UPS yake ya zamani. Nilibadilisha saa kutoka dakika 5 hadi 1, na waya wake haugusi inveta. Nilikuwa nimepiga hesabu: seva na ruta zikikaa kwenye inveta muda wote, zinamla Mama karibu dakika 50. Nilimweleza hivyo, na kwa makosa nikamfundisha hesabu yenyewe.

Juzi stima ilipotea saa moja jioni. UPS ikalia, seva ikajizima. Mashine ya Mama haikuonyesha hata kwamba kuna kitu kimetokea. Tulikaa gizani na ile "pshhh".

"Baba," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la baba yake. "Hebu niwekee ile ya harusi ya dada yako. Pale mzee anacheza."

"Iko kwa seva, Mama. Imezimwa. Ningoje stima irudi."

"Si ulisema inaweza kukaa kwa ile kubwa?"

"Inaweza. Lakini inakula zako."

"Ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Ukiangalia saa nzima, kama dakika tisa."

Akafikiria. Aliangalia inveta, akaangalia kidole chake, kikiwa 91.

"Huyo mzee wako hakucheza saa nzima," akasema. "Alicheza kidogo tu, akakaa. Washa."

Nikachukua tochi nikaingia chini ya meza kuhamisha plagi.