Stadi ya bampa la babu

Ndugu zanguni, nimekuwa kimya hapa kama wiki mbili hivi. Sijapotea, wala sijafukuzwa kazi kama alivyodhani mmoja wenu. Nilikuwa nyumbani Babati, na kilichonipeleka huko ni bolti moja. Ndiyo, bolti. Cheka kwanza halafu uendelee kusoma.

Babu yangu ana Peugeot 404. (Nasema "ana" kwa mazoea tu, utaona huko mbele.) Kwa wale mliozaliwa juzi: 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina, injini imelazwa upande kama mtu anayeota jua, na gia inabadilishwa pale pale kwenye usukani. Ufaransa waliacha kuiunda 1975. Huku kwetu ilipata heshima kwenye Safari Rally, enzi zile mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nick Nowicki alishinda nayo 1963 na 1968, na katika miaka yote hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, mengine yote yaliachwa kwenye matope. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Babu anawataja hawa watu kama wewe unavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga.

Yeye ni afisa mifugo mstaafu. Gari alilinunua 1974 likiwa limeshatumika, akazunguka nalo Dareda, Katesh, Mbulu mpaka Kondoa, siku ambazo kwenda Kondoa ulikuwa unaaga watu kabisa. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Babu alikuwa ameshaacha kuendesha. Macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, kinachopiganiwa ni kile kilichobaki.

Sasa mambo ndiyo hapa yalipo. Amejitokeza mtu wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, akakubali kulinunua kwa bei ambayo ingetosha matibabu ya macho na chenji ikabaki. Angekuja Jumamosi na kuondoka nalo siku hiyo hiyo. Ila bampa la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa linaning'inia. Stadi ilikatika. Mafundi wetu wakisema stadi wana maana ya ule mti wa chuma wenye nyuzi usio na kichwa. Hii ilikuwa imechomelewa nyuma ya bampa, inapita kwenye tundu la mkono wa chasisi, halafu inakazwa kwa nati. Mjomba alikuwa amefunga bampa kwa waya.

Mnunuzi alishasema kwenye simu kwamba waya haumsumbui. Baba zangu wadogo walioko Dar nao wakasema lichukuliwe hivyo hivyo, maana mzee akipewa nafasi ya kufikiri anaweza kughairi, na macho hayasubiri. Babu akajibu sentensi moja: "Gari halitoki kwangu likiwa na kamba." Basi. Aliyeonekana hana kazi katika ukoo mzima ni mwandishi wa habari. Nikaomba ruhusa, Alhamisi mchana nikashuka stendi ya Babati.

Fundi wa kwanza niliyempata alikuwa kijana, mchangamfu, ana mashine mpya. Akaliangalia bampa sekunde kumi, akasema anachomelea pale pale kwenye gari, dakika tano, elfu tano. Hakutaka hata kutoa waya wa betri. Ningekuwa na haraka kidogo zaidi ningekubali, lakini babu alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, akauliza kwa upole, "Na kromu, kijana, ikibadilika rangi utaifuta na nini?" Kijana akacheka, akasema siku hizi nani anaangalia kromu, mzee.

Wa pili tulielekezwa upande wa barabara ya Kondoa. Huyu ni mtu mzima, ana miwani iliyofungwa uzi, gereji yake ni mwembe mmoja na mabati manne. Alimwamkia babu, wakaulizana habari za ng'ombe kama robo saa (mimi nikiangalia saa), ndipo akainama chini ya bampa. Akaomba spana. Babu akatoa ya kwake kwenye kisanduku cha bati, ya nusu inchi, imeandikwa kwa herufi zilizofutika. Fundi akaigeuzageuza mkononi akamtazama babu, hakusema kitu.

Bolti zilizobaki zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alizisugua kwa brashi ya waya, akazipaka dizeli, akatuambia turudi asubuhi. Watu wa mjini tunadhani kazi ya fundi ni kupiga nyundo. Nusu ya kazi ya huyu ilikuwa kungoja.

Ijumaa saa mbili bampa likawa chini, uso wake juu ya gunia. Fundi akachukua kile kipande cha stadi kilichobaki ndani ya nati, akakifunga kwenye jiliwa, akaifungua nati kidogo kidogo, akakisafisha kwa petroli. Kisha akafanya jambo nililolipenda sana. Alichukua bolti mpya ya milimita 8, akailaza ubavu kwa ubavu na kile kipande, nyuzi zikiingiana, akaviinua juu kuelekea jua. "Angalia mwandishi. Nyuzi zikiwa za ukoo mmoja, mwanga haupiti." Nikaangalia. Mwanga ulikuwa unapita. Nyuzi mbili tatu zinakaa sawa, halafu zinaachana.

Maana yake ni kwamba ile stadi ilikuwa ya inchi, ile wanayoita tano kwa kumi na sita, yenye nyuzi 24 katika kila inchi. Ukiipima unapata milimita 7.94. Nati iliyokuwa juu yake ni ya milimita 8, na hiyo ina nyuzi 20 na ushee katika inchi. Unene unakaribia kabisa kulingana, kwa hiyo nati inaanza vizuri, inakudanganya, ikifika katikati inakaza. Asiyejua anadhani imefika mwisho, au anaongeza nguvu. Mtu fulani aliongeza nguvu. Chuma kilijeruhiwa siku hiyo, kutu ikaingia kwenye jeraha, mtikisiko wa barabara ukamalizia. Hata spana zenyewe zina mchezo huo: nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia lakini inacheza, inakula kona za bolti.

"Peugeot ni ya Mfaransa, na Mfaransa hatumii inchi," fundi akasema. "Hii imetoka kwenye Land Rover."

Kimya. Nikamgeukia babu. Mzee huyu, mnielewe vizuri, ndiye aliyenichapa nikiwa darasa la tatu kwa kuleta nyumbani chaki ya shule. Akavua kofia, akajikuna. Akasema mwaka 1982 dukani hakukuwa na kitu, hata sabuni ilikuwa inatafutwa, sembuse spea ya Peugeot. Aligonga ndama karibu na Bonga, stadi ya kiwandani ikang'oka. Na pale ofisini palikuwa na Land Rover bovu juu ya matofali. "Ilikuwa bolti moja tu," akasema, "na niliandika kwenye daftari." Fundi alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi nilijikaza, huwezi kumcheka babu yako mbele ya watu.

Kuitengeneza, basi, ilikuwa hivi. Alisaga ule mchomo wa 1982 mpaka chuma kikawa safi, akasaga pia kromu yote ya upande wa nyuma pale penye kazi, akiwa amefunga kitambaa puani na kutufukuza tukae upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa kromu si wa kuchezea. Akakataa bolti nyeupe niliyonunua dukani. Ile imepakwa zinki, ukiichomelea moshi wake unakupa homa usiku. Akachagua nyeusi ya milimita 8, akaikata kichwa, akaichomelea kwanza peke yake kwenye kibati kinene cha ukubwa wa kiberiti. Bampa akalilaza kifudifudi juu ya mchanga aliouloanisha maji, ili uso wenye kromu ubaki baridi. Kibati kikakaa mahali pake, akakishikiza kwa nukta ndogo ndogo: nukta moja, anangoja, anagusa kwa nyuma ya mkono, nukta nyingine upande wa pili. Umeme ukakatika saa tano, ukarudi saa nane. Nilitaka kumwagia maji ili kipoe haraka tuwahi. Hapana, akasema, chuma cha moto ukikimwagia maji kinakuwa kama kikombe, kitakatika tena. Kiache kipoe chenyewe.

Mwisho rangi nyekundu ya kuzuia kutu, grisi kwenye nyuzi, wosha ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, nati mbili moja juu ya nyingine. Elfu ishirini. Mara nne ya yule kijana, na nililipa nikiwa nimefurahi. Tulipoligeuza, kromu ilikuwa na makovu yake ya miaka yote, lakini hakuna doa jipya la bluu.

Jioni babu alitoka nje. Taa ya nje ilikuwa inawaka lakini haikumsaidia. Alipiga goti taratibu, akapitisha mkono nyuma ya bampa, vidole vikatafuta nati ya kwanza, ya pili, ile wosha ya mpira. Akalishika bampa kwa mikono miwili akalitikisa. Akasema "haya," akainuka.

Jumamosi mnunuzi alikuja na rafiki yake. Alifungua boneti, akanusa oili, akahesabu fedha mezani. Bampa hakuliangalia hata kidogo. Babu hakuligusia. Alimweleza tu kwamba gia ya pili inataka upole asubuhi, na kwamba asiliegeshe chini ya mti wenye matunda.

Jumanne nikampeleka Moshi kwa basi la alfajiri. Tulipofika Magugu akawa anatafuta leso kwenye koti, nikasikia kitu kikigonga funguo za nyumba. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia nishughulike na dirisha, vumbi linaingia. Ilikuwa ile spana ya nusu inchi.