NESI LIKIZONI, SEHEMU YA 6: Bia chachu iliyolala kwenye pipa la divai

(1/3)

Mlioko zamu ya usiku poleni, someni mkipata nafasi kati ya dawa za saa nne na vipimo vya saa sita.

Kwa waliojiunga wiki hii: niko likizo, siku zangu 28, nimekuja Ubelgiji kumhudumia mdogo wangu aliyejifungua. Anakaa jimbo la Hainaut, huku wanakoongea Kifaransa. Kazi yangu ni kupika mtori, kuogesha mtoto na kumfukuza mdogo wangu akalale. Ndizi tunazifuata Brussels, mtaa wa Matonge, kwa yule mama wa Bukavu niliyewaandikia kwenye sehemu ya 4.

Leo naandika kuhusu pombe. Najua inbox itajaa. Tangu nilipoandika ule mfululizo wa magonjwa ya ini, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Nesi, na wewe unakunywa?"

Nakunywa mara chache, kidogo. Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo ambalo wengi hamlijui. Mimi nimesomeshwa na pombe. Mama yangu anapika mbege, huko kwetu mlimani, toka sijazaliwa. Stashahada yangu ya uuguzi, miaka 3, ada, sare, michango na nauli, vyote vilitoka kwenye kilabu chake chini ya mti wa parachichi. Sasa Desemba hii, watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi, kuna kikao cha familia. Kaka zangu wanataka mama aache. Hoja yao ya kwanza: ameshazeeka. Hoja ya pili wanaisema kwa sauti ya chini: ni aibu, watoto wana kazi zao, mmoja nesi kabisa, halafu mama anauza pombe ya kienyeji. Na wananitegemea mimi, mtu wa afya, nimalizie.

Nilikuja huku na huo mzigo kichwani. Ndiyo maana jambo la Jumapili iliyopita limenikaa.

Baba mkwe wa mdogo wangu alikuwa mkulima, sasa amestaafu. Jumapili alikuja na mkewe kumwona mjukuu, akaleta chupa moja ya nusu lita na robo, yaani sentilita 75, imezibwa kwa koki na waya kama ya shampeni. Akasema, shemeji akanitafsiria, kwamba hii ni bia ya shambani, ya jirani yake, imelala mwaka mzima kwenye mapipa ya mbao yaliyokuwa ya divai nyeupe. Nikauliza bei maana mimi Mchaga. Euro 14. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, karibu shilingi 40,000. Chupa moja!

Mdogo wangu ananyonyesha, akabaki na chai yake. Tukawa wanne.

Mzee alimimina taratibu kama anayejaza bomba la sindano, akaacha machicha chini ya chupa. Rangi, mnisamehe, ni kazi: mkojo wa mtu anayekunywa maji vizuri, ila una ukungu kidogo. Kwenye wodi ningeuandikia "upimwe".

Nikanusa. Kwanza limau, lile ganda lake unapolikwaruza kwa ukucha. Halafu tufaha bichi. Halafu, nilipozungusha glasi kama alivyofanya mzee, ikaja harufu ya nyasi kavu na ngozi, kwa mbali kama zizi lililofagiliwa asubuhi. Sio mbaya. Ni harufu ya nyumbani kwa mtu mwenye mifugo.

Nikanywa. Jamani. Mate yalijaa mdomoni kabla sijameza. Uchachu wa ukwaju na embe bichi, ule unaokufanya ufumbe jicho moja. Ukipungua unaacha ladha ya zabibu za kijani, na nyuma yake ukakasi wa mbao unaoshika ulimi kama ndizi isiyoiva. Sukari hakuna kabisa. Bia tulizozoea za baridi kwenye kreti zinapita kooni bila kukuuliza kitu. Hii inakusimamisha.

Wakaniangalia wote, wanasubiri mgeni akunje uso. Mzee akauliza, je, ni kali sana?

Nikamwambia shemeji, mwambie hivi: naijua hii.

(2/3)

Sasa darasa. Mnajua lazima kuwe na darasa.

Bia hizi wanaziita saison, maana yake msimu. Asili yake ni mashamba ya huku huku Hainaut. Inavyosimuliwa, wakulima walipika wakati wa baridi, shamba likiwa limelala na hewa ya baridi ikisaidia pombe isiharibike, wakaiweka hadi kiangazi wawape vibarua wa mavuno. Kijiji cha Tourpes, si mbali na hapa, kuna kiwanda cha Dupont ambacho kilianza kama shamba lenye jiko la bia mwaka 1844, na hadi leo wanapika. Yao ya kawaida haichachi kama hii. Kinachochachusha hii ni pipa na wadudu waliomo.

Ndani ya pipa kuna makundi matatu, nitawaeleza kama wagonjwa wa wodi moja.

Kitanda cha kwanza, hamira ya kawaida. Inakula sukari ya kimea haraka, inatoa pombe na gesi. Siku chache imemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kitanda cha pili, bakteria wa asidi ya laktiki, akina Lactobacillus na wenzao. Hawa mnawajua. Ndio wanaogandisha mtindi. Na kina mama, ndio hao hao wanaolinda uke kwa kuuweka kwenye uchachu, pH kati ya 3.8 na 4.5, wadudu wabaya wasipate makazi. Ndiyo maana kila siku nawapigia kelele kuhusu kuingiza sabuni huko ndani. Bia kama hii nayo pH yake iko kati ya 3 na 4. Kanuni ni ile ile: uchachu ni ulinzi.

Kitanda cha tatu, mgonjwa wa muda mrefu: Brettanomyces. Hii ni hamira ya porini, mwendo wa kobe. Inakula mabaki ambayo wengine wameshindwa, ndiyo maana sukari haionekani kabisa, na ndiyo inayoleta ile harufu ya zizi na ngozi. Aliyeitangaza ni Claussen, wa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, mwaka 1904, na aliikuta kwenye bia za Waingereza. Jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza.

Na pipa? Pipa la divai huwa la lita 225 hivi, mbao za mwaloni zimekunjwa kwa moto. Divai nyeupe ikishatolewa, mbao zinabaki zimeinywa: asidi ya zabibu, harufu yake, ukakasi wa mti. Mpika bia analinunua limetumika. Mbao zinapitisha hewa kidogo sana, inawatosha hawa wa kitanda cha tatu. Hewa ikizidi, wanaingia bakteria wa siki, na euro 14 zako zinakuwa za kutengenezea kachumbari.

Kilichonigusa ni jinsi wanavyolisafisha pipa. Mimi maisha yangu ya kazi ni kuua vijidudu. Vifaa kwenye otoklevu, nyuzi 121, dakika 15. Klorini asilimia 0.5. Mikono, mikono, mikono. Shemeji akaniambia jirani yao analisuuza kwa maji ya moto tu, hataki dawa iue waliomo kwenye mbao, maana hao ndio mtaji.

Nikacheka peke yangu. Mama ana pipa la mbao la mbege. Tangu nikiwa mdogo ole wako uliguse na sabuni. Maji ya moto, mswaki wa majani, linaegeshwa juani mdomo chini. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Pipa lina kumbukumbu." Hakusoma mikrobiolojia. Darasa la saba.

Kwa wasiojua mbege: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa. Ulezi unaoteshwa kuwa kimea, unasagwa, unapikwa uji. Unawekwa ganda la msesewe kwa ajili ya uchungu. Vinachanganywa, kesho yake watu wana kata mkononi. Kule mapipa, huku kata. Kule hopsi, huku msesewe. Kule shayiri, huku ulezi. Lakini wadudu wanaofanya kazi ni ukoo mmoja. Ile ladha niliyoiita "naijua" ilikuwa ya mbege ya siku ya tatu, ile ambayo wazee wanaitafuta na vijana wanaikimbia.

Tofauti kubwa ni muda. Mbege hailali mwaka. Ikipita siku chache imekwisha. Nilimrekodia mama sauti WhatsApp nikamweleza habari za pipa la mwaka mzima. Akajibu: "Mwaka? Na ada za watoto wanalipa na nini?"

(3/3)

Sasa naomba tuelewane, maana najua kuna mtu ameshachukua funguo za gari.

Mimi nafanya kazi wodi ya wanaume. Nimeshika beseni mtu anatapika damu ya mishipa ya koo iliyopasuka kwa sababu ini limekuwa gumu. Nimesaidia kutoa maji tumboni kwa watu wa umri wangu. Nimekaa na wake zao kwenye korido. Pombe iko kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, kundi moja na sigara. Na Shirika la Afya Duniani Januari 2023 lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Hakuna nyota wala mabano. Kuchacha kwenye mbao za Ufaransa hakubadilishi hilo, na "ya asili" hakubadilishi hilo. Ini halisomi lebo.

Ila kwenye lebo kuna kitu kimoja nilichokipenda: asilimia 6.5. Nikafanya hesabu kama ya dozi. Mililita 750 mara 6.5 kwa mia ni karibu mililita 49 za pombe halisi, uzito wake gramu 38 na ushee. Kinywaji kimoja cha kipimo ni gramu 10. Watu wanne, chupa moja, tumekunywa takriban kimoja kimoja. Tulikaa nayo saa nzima na jibini na mkate, mtoto akipitishwa mkono kwa mkono. Chupa ilipoisha, mzee hakuuliza kama kuna nyingine. Alisimama akaenda kuosha glasi.

Kwenye mbege hakuna lebo. Leo ina hivi, kesho ina vile, kulingana na joto na ulezi. Dawa isiyo na kipimo ndiyo inayonitisha. Lakini nikakumbuka kwamba kwa mama kipimo kipo, ila kiko kichwani mwake. Hauzi kabla ya saa nane mchana. Ambaye hajala, anamwekea ndizi na maharage kwanza. Mjamzito anapewa togwa, na maneno. Wa kata ya tatu anaambiwa imeisha hata kama pipa limejaa. Giza likiingia anafunga. Kijijini kwetu waliokufa kwa pombe nawajua, na wengi walikuwa wamehamia kwenye gongo na vile vya kwenye chupa ndogo, mahali ambapo hakuna mama wa kusema imeisha.

Kwa hiyo kikao cha Desemba nimeshajua nitasema nini. Kaka zangu wengine wananisoma hapa, salamu zenu.

Hoja ya aibu siiungi mkono. Jirani wa mzee anaitwa fundi, watu wanasafiri kuona mapipa yake. Mama anafanya kazi ya ukoo huo huo, kwa kuni na ungo, na kazi hiyo imetoa nesi, fundi umeme na mwalimu. Mkitaka aache, msimwambie aache kwa sababu ya sura zenu.

Hoja ya uzee naiunga mkono nusu. Mama ana miaka 64. Kinachomuumiza mama sio mbege, maana anaonja kata ya kwanza na kuishia hapo. Ni moshi. Anainama juu ya masufuria makubwa kwenye jiko lisilo na dirisha, saa nzima, mara tatu kwa wiki, miaka zaidi ya 35. Kile kikohozi chake cha asubuhi mnachokiita cha baridi ya mlimani, mimi nakisikia kwa sikio lingine. Moshi wa kuni unaharibu mapafu polepole kama sigara, na hakuna anayemwitia kikao.

Basi pendekezo langu ni hili. Ile hela mliyosema mtamtumia kila mwezi ili afunge, ya miezi minne ya kwanza tujenge jiko la nje lenye bomba la moshi na kuta fupi. Kabla ya hapo anashuka mjini kupima mapafu na presha, nampeleka mwenyewe. Apike mara moja kwa wiki badala ya tatu. Mtoto wa shangazi ajifunze kunyanyua masufuria, na ajifunze na kusema "imeisha". Halafu siku mama mwenyewe akisema basi, iwe basi, na pipa lisitupwe.

Nimeliandika hapa hadharani ili mje mmejiandaa kunipinga kwa hoja, sio kwa kelele.

Kwa mlioniuliza kama nesi anakunywa: nimekunywa glasi moja, gramu kama 10, nimeifurahia sana, na sitaitafuta wiki ijayo. Kama wewe huwezi kuishia hapo, sio udhaifu wa tabia, ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwambie muuguzi utakayemkuta. Na kama unakunywa kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako nyumbani, unaweza kupata degedege. Uachishwe ukiwa chini ya uangalizi.

Sehemu ya 7 ni keshokutwa: kwa nini wakunga wa huku wanamtembelea mzazi nyumbani, na nini tunaweza kuiga bila kusubiri bajeti.

Zamu njema mlioko kazini. Nawieni mikono.